Jibu: Shingo kuuma siku ya pili baada ya ajali

Pole sana ndugu. Unashangaa shingo kuanza kuuma siku ya pili, na eksirei haikuonyesha kitu. Mbona kawaida! Gari lako likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mgongo mbele, kichwa kinabaki nyuma, halafu kinarushwa mbele. Misuli na kano zinavutika kupita kiasi, uvimbe unakuja taratibu. Eksirei inaonyesha mifupa, misuli na kano haizioni vizuri.

Mimi nilikaa na kola ya kushikilia shingo wiki tatu kwa woga, shingo ikakakamaa. Kurudisha gari nyuma nilikuwa nageuka kiwiliwili kizima kama roboti. Wewe igeuze shingo polepole kila siku. Ila mikono ikifa ganzi, miguu ikilegea au mkojo ukigoma kutoka, kimbia hospitali saa hiyohiyo.