Maswali na majibu: Kwa nini ngozi yangu ya mbuzi imekakamaa baada ya kulowekwa kwenye gome?

SWALI: Kwa miaka miwili nimekuwa nikijifunza stadi za zamani za kujitegemea na kazi za mikono zinazotumia malighafi za asili. Nimeshasokota kamba na kusuka vikapu, na sasa nimejaribu kutengeneza ngozi bila dawa za kiwandani. Ngozi ya mbuzi niliiloweka kwenye maji ya chokaa kwa siku 5, nikaiparua manyoya, nikaisuuza mara moja, kisha nikaitumbukiza kwenye maji ya gome niliyoyachemsha mpaka yakawa meusi kabisa. Nilitumia pipa la chuma, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo. Baada ya siku 10 ngozi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, nikaiwamba juani, na ilipokauka nikaipaka mafuta. Sasa imekakamaa kama ubao, inapasuka nikiikunja, na ina mabaka meusi yenye ubuluu ambayo nadhani ni ukungu. Nilipoikata nimeona mstari mweupe katikati. Je, inaweza kuokolewa? Na je, ni kweli kwamba njia ya ubongo na moshi, yaani kuipaka ngozi ubongo wa mnyama kisha kuifukiza, ni rahisi zaidi kwa anayeanza?

JIBU: Ndugu msomaji, huo mstari mweupe ndio unaoeleza sehemu kubwa ya yaliyokupata, na umefanya jambo jema kuikata ngozi badala ya kuridhika na rangi ya juu. Watu wengi huishi na ngozi ya namna hiyo kwa miezi wakilaumu mafuta, ilhali tatizo limo ndani.

Ngozi ni nyuzi nyembamba mno za protini iitwayo kolajeni, zilizopitana na kufumana kila upande. Ngozi ikiwa mbichi, maji yaliyo kati ya nyuzi hizo huziacha ziteleze, ndiyo maana ngozi iliyotoka kuchunwa ni laini. Maji yakitoka bila kitu kingine kuchukua nafasi yake, nyuzi hushikana kama zilizogundishwa, na ngozi hugeuka ubao. Kazi ya tanini, yaani ile dawa kali iliyomo kwenye gome inayokausha ulimi ukiionja, ni kuingia kati ya nyuzi na kujifunga nazo, ili zisishikane tena na bakteria wasiweze kuzila. Mahali ambapo tanini imefika, sisi mafundi husema ngozi imeiva. Mahali ambapo haijafika, hiyo bado ni ngozi mbichi iliyokauka tu, hata kama imevikwa rangi ya kahawia pande zote mbili. Ngozi yako basi ina tabaka tatu, na lile la katikati ndilo linalokataa kukunjika na kuyapasua yale mawili yaliyolibana.

Sababu ya kwanza ya tanini kutofika katikati ni ukali wa maji uliyoanza nayo. Anayeanza hudhani kwamba maji mazito yataivisha ngozi haraka, na kwa macho huonekana hivyo, kwa kuwa rangi hushika siku hiyohiyo. Kinachotokea ni kwamba tanini nyingi hujifunga kwa ghafla kwenye nyuzi za juu, tabaka la nje linakaza, na njia ya kupitia kuelekea ndani inazibika. Jambo hili lina historia yake. Mwishoni mwa karne ya 18 mkemia wa Ufaransa Armand Seguin alibuni njia ya kuharakisha kazi kwa kutumia maji makali ya gome, wakati jeshi la nchi yake lilipohitaji viatu vingi kwa muda mfupi, na kazi iliyokuwa ikichukua miezi mingi ikafupishwa sana. Mwaka 1803 Humphry Davy, akiwa London, alichapisha uchunguzi wake kuhusu mimea yenye tanini, na humo akaeleza kwamba ngozi iliyoivishwa polepole kwenye maji mepesi huwa laini na imara kuliko ile ya maji makali. Kila fundi anayefanya kazi kwa gome huyaona hayo kwa macho yake kila mara anapoharakisha.

Anza, kwa hiyo, na maji mepesi yenye rangi ya majani makavu yaliyolowekwa usiku kucha. Ngozi ikae humo siku tatu au nne, ukiigeuza asubuhi na jioni ili isijikunje na kuacha mabaka, kisha ongeza maji mazito kidogo kidogo kila baada ya siku chache. Ukichemsha gome, subiri maji yapoe mpaka mkono usihisi joto lolote, kwa sababu kolajeni mbichi iliyolowa huanza kusinyaa na kuharibika ikifika nyuzi joto 60 hivi, na hata joto la chini ya hapo hudhoofisha ngozi iliyotoka kwenye chokaa. Kwa unene wa ngozi ya mbuzi, mimi huhesabu wiki tatu hadi sita. Siku 10 hazikutosha.

Sababu ya pili ni chokaa. Siku 5 za kuloweka hazikuwa kosa, kwa kuwa manyoya yalitoka. Kosa ni kusuuza mara moja. Chokaa huvimbisha ngozi na kufungua nyuzi, nalo ni jambo tunalolitaka, lakini ikibaki ndani inakutana na tanini, inaishika kabla haijafika kwenye nyuzi, na kuacha uso mgumu, wenye madoa na unaopasuka. Ngozi iliyotoka kwenye chokaa huhisi kama mpira uliojaa, na ukiibana kwa vidole inarudi haraka. Isuuze kwa maji safi ukiyabadilisha mara nyingi kwa siku moja au mbili, kisha iloweke kwa saa chache kwenye maji yaliyotiwa siki kidogo, au kwenye maji ya pumba yaliyochachuka. Utajua chokaa imetoka pale ngozi inapokuwa nyembamba na tepetevu, na ukiibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki. Bila alama hiyo usiipeleke kwenye gome.

Yale mabaka meusi yenye ubuluu si ukungu, ni pipa. Tanini ikikutana na chuma hutengeneza rangi nyeusi iliyo karibu na buluu, na kwa karne nyingi watu walitengeneza wino kwa mchanganyiko huohuo. Mabaka hayo hayatoki kwa kusugua, nayo yakiachwa na chuma ndani yake hudhoofisha ngozi kadiri miaka inavyopita. Tumia chombo cha mbao, cha udongo au cha plastiki, na hata kisu cha kuparulia kisiachwe juu ya ngozi iliyolowa.

Sasa nije kwenye ukaushaji, ambao naomba uupe uzito kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu ngozi iliyoiva vizuri kabisa inaweza kuharibiwa ndani ya alasiri moja. Wewe uliiwamba ikiwa imelowa, ukaiweka juani, ukasubiri ikauke ndipo ukapaka mafuta. Mafuta hayaingii kwenye ngozi iliyokwisha kufunga, yanabaki juu na kuifanya inate vumbi. Njia ni hii: ukiitoa kwenye gome, isuuze, ikamue, iache kivulini mpaka isidondoshe maji lakini ukiigusa shavuni iwe ya baridi. Hapo ipake mafuta pande zote mbili, zaidi upande wa nyama. Maji yanapotoka polepole, mafuta yanafuata njia ileile kuingia ndani. Ngozi ikifika nusu ya kukauka, anza kuifanyia kazi: ishike kwa mikono miwili na uivute huku na huku juu ya ukingo wa ubao uliochongwa ukawa butu, upande wa nyama ukiwa chini, kipande kwa kipande, ukiigeuza na kuivuta kwa upande mwingine. Utaona jambo ambalo halisahauliki ukishaliona mara moja: pale unapovuta, rangi ya kahawia iliyokolea hupauka ghafla na ngozi inalegea mikononi, kwa sababu nyuzi zilizoanza kushikana zimeachana na hewa imeingia kati yake. Pumzika, kisha rudia baada ya muda. Ukiona sehemu imekauka kabla hujaivuta, ilowanishe kwa kitambaa na uanze tena. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa akiifunga ngozi ndani ya kitambaa chenye unyevu usiku ili aendelee nayo kesho yake, na mimi hufanya hivyohivyo mpaka leo.

Je, ngozi yako itaokoka? Kata kipande cha ukubwa wa kiganja na ukiloweke kwenye maji safi ya kawaida kwa siku nzima. Kikirudi kuwa laini hata pale penye mstari mweupe, jua halijaiua ngozi. Iloweke yote, irudishe kwenye maji mepesi ya gome, na uvumilie, kwani tabaka la nje lililokaza litachelewesha kazi na huenda ukahitaji muda mrefu kuliko ngozi mpya. Kipande kikibaki kigumu, cha manjano na chenye kung'aa kama ukucha, kolajeni yake imeungua na haitarudi. Usiendelee kuipotezea gome. Kwa kuwa umeniambia inapasuka ikikunjwa, nina wasiwasi zaidi na sehemu za pembeni, ambazo ni nyembamba na hukauka kwanza. Huenda sehemu ya mgongo ikawa nzima, nayo ikatosha kutengenezea ala ya kisu au mkoba mdogo.

Kwa ngozi ijayo, usianze na ngozi nzima. Kata ngozi moja vipande vinne, kila kimoja kipite hatua zilezile lakini kwa tofauti moja tu, na uandike tarehe ulipobadilisha maji. Kila wiki kata ukingo mwembamba wa kila kipande na uutazame kwenye mwanga. Mstari mweupe utauona ukipungua, mwanzo mnene, kisha kama uzi, kisha hakuna. Nimeona wanafunzi wenye bidii kubwa wakikosa subira ya kukata huku, kwa hofu ya kuharibu ngozi, ilhali ukanda wa milimita mbili pembeni haupunguzi chochote.

Kuhusu gome lenyewe, miwati, mikoko na mialoni ni miongoni mwa miti inayojulikana kwa wingi wa tanini, lakini miti mingi inayo kiasi fulani, na ulimi utakuambia. Chukua gome la mti uliokwisha kukatwa au la matawi yaliyopogolewa. Ukibandua gome kuuzunguka mti mzima umeuua, kwa kuwa chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini hupita humo. Maji ya chokaa nayo yasimwagwe mtoni, na unapoyashughulikia vaa glavu na ukinge macho.

Kuna onyo moja ambalo sitakubali kulipita. Usichune wala kutengeneza ngozi ya mnyama aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana, hasa aliyetokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au sehemu nyingine za wazi. Huenda ni kimeta, na vijidudu vyake huweza kudumu kwenye ngozi na udongoni kwa miaka mingi, vikamwambukiza binadamu kupitia mchubuko mdogo au vumbi la kuparua. Mwite daktari wa mifugo, na mzoga usifunguliwe.

Mwisho, ubongo na moshi. Ubongo una mafuta ambayo, tofauti na mafuta ya kawaida, huchanganyika na maji, na kwa hiyo huingia kati ya nyuzi za ngozi iliyolowa kwa urahisi. Njia hii haihitaji wiki za kusubiri, na ngozi inayopatikana huwa laini kama kitambaa, lakini siiiti rahisi, kwa kuwa uzito wote wa kazi unahamia kwenye kule kuvuta nilikokueleza: lazima uivute bila kuacha tangu ikiwa na unyevu mpaka ikauke kabisa, na kwa ngozi nzima hiyo ni kazi ya saa nyingi za mfululizo. Tena ubongo peke yake hauivishi ngozi. Ikilowa tena bila kufukizwa, inarudi ubao. Moshi ndio unaozifunga nyuzi zisishikane, nao uwe wa baridi, wa kuni zilizooza au mbao laini zinazofuka bila mwali, ngozi ikiwa imeshonwa kama mfuko juu ya shimo dogo lenye makaa. Kaa karibu muda wote, kwa kuwa mwali mmoja unatosha kuiunguza. Moshi ukishapenya na rangi ya manjano ikatokea upande wa nje wa mfuko, ugeuze ndani nje na ufukize upande wa pili, kisha uikunje ngozi na uiache siku kadhaa kabla ya kuifua kwa mara ya kwanza.