Maswali ya wasomaji: flashi za wanafunzi kwenye kompyuta za shule, tuzifunge au tuziache?

SWALI: Habari mhariri. Mimi ni mwalimu wa kompyuta sekondari moja huku Mbeya, tuna maabara ya mashine 24 za mezani, zote Windows 10 Pro, intaneti hakuna labda nirushe bando langu la simu. Wanafunzi wanakuja na flashi wanasema ni za kazi za darasani, baada ya wiki nakuta magemu, muvi na vile virusi vya shotikati kila mashine. Mkuu wa shule kasema flashi yoyote ikionekana ichukuliwe na isirudi, na kuna fundi katushauri tuzibe matundu ya USB kwa gundi. Hakuna njia ya kufanya hiki kitu ndani ya kompyuta yenyewe?

JIBU: Pole mwalimu, ipo njia na haina gharama yoyote zaidi ya muda wako. Gundi achana nayo kabisa, kibodi na mausi siku hizi ni USB hizo hizo, mausi ikifa utachomeka wapi nyingine?

Kabla hata ya flashi nikuulize wewe: wanafunzi wanaingia kwenye mashine kwa akaunti gani? Shule nyingi nilizopita kompyuta inawaka inaenda moja kwa moja kwenye akaunti moja ambayo ndiyo admini na haina paswedi, sasa hapo hata ufunge kitu gani mtoto anakifungua dakika hiyo hiyo, maana kompyuta inamjua yeye ndiye mwenye mali. Kwa hiyo anza hapo, tengeneza akaunti mbili kila mashine, ya kwako ya admini yenye paswedi unayoijua wewe na mwalimu mwenzako mmoja, halafu ya mwanafunzi iwe ya kawaida. Magemu mengi yanayotaka kuinstoliwa yatagoma hapo hapo, ila yale yanayofunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bado yatacheza.

Ndio sasa uende kwenye flashi. Watu wengi wanakimbilia rejista (ghala la mipangilio ya ndani ya Windows), wanatafuta USBSTOR, sehemu inayohusu flashi, wanabadilisha namba ya Start kutoka 3 kwenda 4, na kweli flashi inakatika huku kibodi na mausi zinaendelea, lakini ikija flashi ambayo mashine haijawahi kuiona Windows inaweza kuinstoli draiva upya na ile namba ikarudi 3. Kwa vile zako ni Pro tumia Group Policy, sehemu ya Windows ya kuwekea watumiaji sheria. Fungua programu iitwayo mmc kama admini, ongeza Group Policy Object Editor, bonyeza Browse, nenda Users uchague Non-Administrators, hapo unaandika sheria inayowagusa wanafunzi peke yao na wewe mwalimu hujifungii mlango. Ndani yake fuata User Configuration, Administrative Templates, System, kisha Removable Storage Access, washa Deny read na Deny write za Removable Disks. Zipo pia za WPD Devices, usiziruke, hizo ndizo zinazokamata simu, maana mtoto akinyimwa flashi atachomeka simu kwa waya wa chaja na muvi zitaingia vile vile. (Kwenye Windows Home hii Group Policy haipo, ndio maana nawaomba shule mkinunua mashine za mtumba muulize ni Windows gani kabla ya kulipa.)

Kuhusu hivyo virusi vya shotikati ni vizuri ukaelewa vinavyofanya kazi. Zamani za Windows XP ukichomeka flashi yenye virusi kompyuta inaviendesha yenyewe, kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilisambaa kwa njia hiyo pamoja na nyingine, halafu Windows 7 ikaja imefunga huo mlango kwa upande wa flashi na mwaka 2011 Microsoft wakaifunga na XP kwa apdeti. Waandishi wa virusi wakahamia kwetu sisi watu, wanaficha folda yako wanaweka shotikati yenye jina lile lile ili ubonyeze mwenyewe. Na vingi vyake ni skripti, yaani faili la maandishi ya amri, vinaita programu ya Windows iitwayo Windows Script Host ivisome. Mwanafunzi haihitaji hiyo programu kwa somo lolote, kwa hiyo izime: kwenye rejista nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings, tengeneza DWORD (nafasi ya kuweka namba) inaitwa Enabled, iweke 0. Weka pia paswedi kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka) na uzime kuwasha mashine kwa flashi, la sivyo mjanja mmoja atakuja na Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwenye flashi yake apite juu ya yote uliyoyafanya.

Sasa mwalimu hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana ukifunga ukaishia hapo umewaumiza watoto. Wengi nyumbani hawana kompyuta, ile flashi ndiyo daftari lake la somo hili, ndimo kazi yake ilimo na pastpepa alizoomba kwa kaka yake. Ukimfungia lazima umpe njia nyingine. Chukua mashine moja iwe ya kutunzia mafaili, unganisha zote kwa swichi ya mtandao na waya, intaneti haihitajiki hata kidogo, kila darasa liwe na folda yake humo na wewe uwe unakopi kwenye hadidiski ya nje kila Ijumaa. Halafu mashine ya mezani kwako iwe ndiyo pekee inayopokea flashi, mtoto anakuja unaiskani mbele yake, kazi yake inaingia kwenye folda, anaondoka na flashi yake mkononi. Antivairasi ya hapo iapdeti hata kama huna neti shuleni, faili la apdeti la Defender, antivairasi inayokuja na Windows, linapakuliwa popote penye intaneti ukaja nalo. Mkuu mwambie kwa heshima kwamba kunyang'anya moja kwa moja hakutazuia virusi, kutawafundisha watoto kuficha flashi kwenye soksi, na anayeficha hatakuja kukuambia mashine imeanza kuleta shida.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tatu Tanga, flashi yangu imejaa shotikati tupu, mwalimu anasema aifomati, humo kuna projekti yangu yote.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwombe mwalimu asiifomati kwanza, kwa kawaida mafaili hayajafutika yamefichwa tu. Kwenye kompyuta safi, bila kubonyeza shotikati hata moja, afungue Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) aandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako, inaweza kuwa F au G). Mafolda yakirudi akopi kazi zako tu, asikopi shotikati wala faili usilolijua, aziskani, ndio flashi ifomatiwe.

SWALI: Nafundisha Kilifi. KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari huku Kenya) Paper 2 ya Computer Studies watahiniwa husave kazi kwenye CD, je nikifunga flashi CD nazo zitakataa?

JIBU: Zitakataa ukiwasha ile sheria ya Removable Storage Access inayoanza na All Removable Storage classes, hiyo inakata kila kitu. Iache, washa za Removable Disks na WPD peke yake, CD na DVD zina mstari wao tofauti hapo hapo. Na usingoje siku ya mtihani mwalimu, wiki moja kabla ingia kwa akaunti ya mwanafunzi, choma CD ya majaribio kwenye kila mashine, kisha uifungue kwenye mashine nyingine uone kama inasomeka.