Kabla hujanunua dawa ya mchwa, tafuta maji yanatoka wapi

Nyinyi mnaoanza kazi ya kukarabati nyumba za zamani Mji Mkongwe, Unguja, swali la kwanza mtakaloulizwa na mwenye nyumba ni hili: "Fundi, dawa ya mchwa unayo?" Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nasema ninayo. Nachanganya, napulizia, nalipwa, naondoka. Masika mawili hayapiti naitwa tena, chumba kile kile.

Mchwa wa ardhini hawana maisha bila unyevu. Miili yao laini, hewa kavu inawaua, ndiyo maana wanajijengea vile vijia vya udongo ukutani na kupita humo kwa humo mpaka kwenye mti. Wakishafika wanakula ndani na kuacha ganda. Kwa hiyo macho yako ni shahidi mbaya. Tumia mkono na sikio.

Kuna nyumba moja nilipewa dari ya ghorofa ya kwanza niikague. Boriti za mkoko, zote zimepakwa chokaa, nyeupe pe. Nikasimama chini, nikazigonga katikati kwa mpini wa bisibisi uliofungwa kwenye fito. Sauti kavu, safi. Nikamwambia mzee niliyekuwa nafanya naye kazi kwamba ziko sawa. Akasema, "Umegonga tumbo. Gonga kichwa." Nikaweka ngazi, nikapanda mpaka pale boriti inapoingia ukutani. Ya tatu ikalia kama boga. Nikaweka ncha ya bisibisi juu ya chokaa, ikazama mpaka mpini bila kusukumwa. Ndani mti ulikuwa umebaki kurasa kurasa, kama daftari lililolowa likakauka, na katikati ya kurasa ni udongo.

Sababu tuliikuta juu ya paa: mlizamu, ule mfereji wa kutoa maji ya paa, umeziba kwa majani, maji yote yanateremka ndani ya ukuta. Na kwa nje mtu alikuwa amepiga plasta ya saruji, akidhani anaimarisha. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyonya maji na kuyatoa. Ukiuvika saruji, maji yanabaki ndani, na kichwa cha boriti ndicho kinacholala humo usiku na mchana. Tulizibua mlizamu, tukabandua saruji, tukaacha ukuta ukauke, kazi ya miezi, kisha ndipo tukaweka boriti mpya na plasta ya chokaa. Mwenye nyumba alilalamika sana kuhusu kusubiri. Mwacheni alalamike.

Si kila tundu ni la mchwa wa ardhini. Tandika gazeti chini ya mti jioni, angalia asubuhi. Ukikuta unga laini kama poda, huyo ni bungua, mdudu mwingine anayetoboa mti. Ukikuta punje ndogo ngumu kama mchanga, zitazame kwa kioo cha kukuzia: zikiwa na pande sita, ni mchwa wa mbao kavu, ambao wanaishi ndani ya mti wenyewe na hawana haja ya ardhi. Kumwagia msingi dawa kwa ajili ya hao wawili ni kumwaga pesa.

Milango ya nakshi inaniuma zaidi. Watu wanaipaka oili chafu ya gari. Oili inatia weusi kwenye nakshi, inashika vumbi, na haifiki kule ndani mdudu aliko. Dawa za chumvi ya boroni zinaingia ndani ya mti, lakini zinayeyuka kwa maji, kwa hiyo ni za ndani ya nyumba. Kwenye mlango unaopigwa na mvua zitaoshwa. Wa nje uanze chini: ondoa udongo na takataka zilizorundikwa kwenye kizingiti, hakikisha maji hayasimami hapo. Sehemu iliyokufa kata hiyo tu, unga kwa mti wa aina ile ile. Na mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, basi usibadili mlango kwa neno la mwenye nyumba peke yake. Pita kwanza Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe.

Boriti mpya ibanduliwe gome kabla ya kupanda juu, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa ukutani. Usikisindilie.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi watakuja kwenye taa kutoka nje, hao wasikutishe. Wakitoka kwenye ufa wa ukuta au sakafuni, hapo weka alama.

Ukikuta kijia cha udongo, usikikwangue chote. Vunja kipande cha urefu wa kidole, andika tarehe pembeni kwa penseli, rudi baada ya wiki. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi, wapo. Chukua ngazi, panda kuangalia mlizamu.