Krismasi Mji Mkongwe: kupanga safari ya wazee na watoto

Kwetu Uchagani, Desemba ni mwezi wa kupanda mlimani kwenda kuhesabiwa, na asiyeonekana nyumbani siku ya Krismasi hutakiwa kutoa maelezo yanayoeleweka. Kwa hiyo mwaka tulipoamua kwamba safari hii mama yangu ndiye ashuke Dar es Salaam ili tuvuke naye hadi Unguja, hatukuanza kwa kutafuta tiketi. Tulipiga simu nyumbani mwezi Agosti, tukazungumza na kaka yetu mkubwa na kumwomba ridhaa. Ninamshauri kila mwenye nia kama yetu aanzie hapo, kwa sababu likizo iliyoacha manung'uniko nyuma haipumzishi mtu.

Wengi huifikiria Zanzibar kuwa fukwe tu, na wakifika mjini hupita kwa saa mbili wakiwa njiani kwenda Nungwi. Sisi tulitaka mji wenyewe, na tuliutaka siku ya Krismasi kwa sababu maalumu. Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, pale Mkunazini, liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa lililokuwa mahali hapohapo, na ibada ya kwanza ikafanyika siku ya Krismasi mwaka 1877. Altare imesimama palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa, na nyuma yake amezikwa Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo na kufanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Kuimba nyimbo za Krismasi mahali hapo, mama yako akiwa upande mmoja na wanao upande wa pili, ni jambo ambalo sijui niliweke kwenye mizani gani.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni kupanga ibada kwanza, na mengine yote yaizunguke. Fika kanisani siku moja kabla uulize saa ya ibada na lugha itakayotumika, maana zipo za Kiswahili na za Kiingereza. Wanaosali Katoliki wana kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili. Ziara ya historia, pamoja na vile vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kwa wageni na sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shimoni, iwekeni siku nyingine. Binti yetu wa miaka 11 aliyaelewa yote na akauliza maswali mazito ambayo bibi yake ndiye aliyeyajibu, lakini mdogo wake wa miaka 5 tulimbakiza nje bustanini na baba yake, na ninaamini tulifanya sawa.

Tiketi za boti ndizo zinazoharibu mipango ya watu. Tulipotafuta za tarehe 24 mwanzoni mwa Desemba zilikuwa zimekwisha, ikabidi tuvuke tarehe 22 na kulipia malazi ya usiku mbili zaidi. Nunua mapema, kwenda na kurudi kwa pamoja, na hakikisha kila mtu mzima ana kitambulisho na kila mtoto ana nakala ya cheti cha kuzaliwa. Safari huchukua takriban saa mbili, lakini Desemba upepo wa kaskazi umeanza na bahari inaweza kuchafuka, kwa hiyo wale wanaotapika baharini wale chakula chepesi na wakae nyuma, sehemu ya chini.

Kuhusu malazi, nilikosea jambo ambalo bado linaniuma. Nilichagua nyumba nzuri ya wageni kwa kutazama picha, bila kuuliza chumba kiko ghorofa ya ngapi. Nyumba za Mji Mkongwe ni ndefu, ngazi zake ni za mbao na zimesimama wima, na lifti ni adimu. Mama yangu mwenye miaka 71 alipanda hadi ghorofa ya tatu akiwa ameshika ukuta, na usiku ule sikupata usingizi kwa hofu ya kumsikia akishuka. Kesho yake tulihamia chumba cha chini, kwa gharama zaidi. Ulizeni ngazi kabla ya kuuliza kifungua kinywa. Ulizeni pia umbali kutoka mahali gari linapoishia, kwani vichochoro vingi havipitiki kwa gari, na mwenyeji akija kuwapokea bandarini hamtasumbuliwa na papasi, wale madalali wanaovizia wageni.

Joto la mwezi huo ni kali na mvua za vuli wakati mwingine bado hazijaisha, hivyo tulitembea kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, na katikati tulilala. Barazani palimtosha mama kupumzika, na watu walimwamkia shikamoo kila hatua. Mavazi yawe ya stara, mabega na magoti yafunikwe, kwa kuwa mji ni wa Waislamu wengi. Faida yake ni kwamba maduka na migahawa mingi haifungi siku ya Krismasi: tulikula pilau mchana, na jioni Forodhani tukanywa juisi ya miwa na urojo wa moto.

Msiwaahidi watoto kuingia Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, bila kuulizia kwanza. Jumba hilo la mwaka 1883 liliporomoka sehemu yake siku ya Krismasi mwaka 2020, na watu wawili waliokuwa kwenye ukarabati walifariki. Sisi tulilitazama kwa nje, mama akawaombea marehemu kwa sauti ya chini.

Kurudi, chagueni tarehe 27 au 28, kabla ya msongamano wa Mwaka Mpya, na boti ya mchana badala ya alfajiri. Asubuhi hiyo mtapata nafasi ya kupita soko la Darajani kununua karafuu na mdalasini za kupeleka Moshi, kwa wale walioturuhusu kutokuhesabiwa.