Maswali Yenu Kuhusu Kung Fu Panda

Swali: Filamu hizi zipo ngapi, na nianze na ipi?

Zipo nne, zilizotoka mwaka 2008, 2011, 2016 na 2024, zote za studio ya DreamWorks Animation ya Marekani. Anza na ya kwanza, kwa kuwa kila moja inaendeleza pale ilipoishia iliyotangulia. Zipo pia tamthilia za televisheni, ambazo unaweza kuziacha na bado ukaifuata hadithi vizuri.

Swali: Mitindo ya kupigana ya wale wanyama watano ni ya kweli au imebuniwa?

Ni ya kweli. Simbamarara, korongo, nyoka, tumbili na vunjajungu, ambao ndio mashujaa watano wa Bonde la Amani, wamechukuliwa kutoka katika mitindo ambayo Wachina wamefundishana kwa vizazi vingi. Ule wa korongo mweupe una asili yake katika jimbo la Fujian, na wa vunjajungu unahusishwa na Shandong. Binadamu ndiye aliyemtazama mnyama akaiga mkao wake, makucha yake na subira yake ya kuvizia. Waandaaji wa filamu walilazimika kumrudishia mnyama kile alichoigwa, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana nyoka hana mkono wa kurushia ngumi, na vunjajungu anaenea kiganjani.

Kwa maoni yangu, kicheko cha filamu hizi hakichuji kwa sababu hakiikejeli kung fu yenyewe. Tazama namna mwalimu Shifu anavyomfundisha Po, yule panda ambaye ndiye shujaa wa hadithi, kwa chakula: bakuli moja la vidonge vya unga vilivyojazwa nyama, na vijiti vya kulia mikononi mwao. Mwalimu anampokonya kila anachokishika, wanarushiana vijiti, wanazuiana, hadi Po anapokinyakua kidonge cha mwisho; kisha, badala ya kukila, anamrushia mwalimu wake na kusema kwamba hana njaa. Unacheka, na papo hapo umemwona mwanafunzi akihitimu.

Swali: Mwanangu ana miaka mitano. Je, ile ya pili inamfaa?

Ningemsubirisha kidogo, au ningekaa naye tuitazame pamoja. Tausi aitwaye Shen anawatuma mbwamwitu wake wakaangamize kijiji cha panda, na mama yake Po, anapoona wamekaribia, anamficha mtoto ndani ya kreti la figili, kisha anakimbilia upande mwingine ili wamfuate yeye. Damu haionyeshwi, lakini mtoto mdogo anaelewa kabisa kwamba mama hakurudi. Hata hivyo, hiyo ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote nne. Iliongozwa na Jennifer Yuh Nelson, mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake filamu ndefu ya katuni ya studio kubwa ya Hollywood, naye hakuogopa kuuacha msiba uwe msiba.

Swali: Panda analelewaje na bata bukini bila mtu yeyote kushangaa?

Filamu ya kwanza inalinyamazia jambo hilo kwa makusudi, na ndiyo maana katika ya pili, Mzee Ping anapomweleza Po kwamba alimkuta ndani ya kreti la mboga nyuma ya mkahawa wake wa tambi, maneno yanatugusa. Katika ya tatu baba mzazi, Li Shan, anajitokeza, na Ping anajificha ndani ya mzigo wa safari ili awafuate hadi kijiji cha panda, akihofia kwamba mwanawe hatapikiwa vizuri huko. Wivu wake ni wa mzazi yeyote aliyelea, na nimefurahi kwamba Po halazimishwi kumkana baba mmoja ili ampate mwingine.

Swali: Wachina wenyewe walizipokeaje?

Walizipenda, ingawa ile ya kwanza ilizua mjadala kuhusu kwa nini hadithi ya panda na kung fu imetengenezwa ng'ambo. Ya tatu ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni iliyokuwa Shanghai, na midomo ya wahusika ilichorwa upya ili ilingane na maneno ya Kimandarini.

Swali: Mbona ya nne inapwaya?

Wengi wanalalamika kwamba wale watano hawana nafasi katika hadithi, nami nakubaliana nao, lakini naona kasoro iliyo kubwa zaidi. Adui wa filamu hiyo ni kinyonga mwenye uwezo wa kujigeuza na kuwaita mabingwa waliokwisha kufa, na kwa njia hiyo anarudi Tai Lung, chui wa theluji ambaye Shifu alimlea tangu uchanga kama mwanawe wa kumzaa, kisha akampoteza kwa kiburi chake. Filamu inamrudisha, inampa nafasi ya kupigana na kumheshimu Po, lakini haimkutanishi na mzee aliyemlea. Mazungumzo ya hao wawili ndiyo niliyoyatamani.