Kivinjari Kilichokuja na Simu Si Lazima Ukae Nacho

Mwezi uliopita shangazi alinipa simu yake akiwa amekata tamaa. Kila baada ya dakika chache ilikuwa inalia: "Simu yako ina virusi 13, bonyeza hapa." Bando la wiki lilikuwa linaisha siku ya tatu. Kumbe kuna siku alifungua tovuti fulani, ikamwomba ruhusa ya kumtumia arifa, akabonyeza "Ruhusu" ili tu apite asome. Niliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, yaani programu anayofungulia tovuti, nikazima arifa za tovuti zote, kelele zikakoma palepale.

Nikamuuliza kwa nini anatumia kivinjari kile. "Si ndicho kilichokuja na simu, mwanangu?"

Jibu hilo wengi wetu tungelitoa, na kampuni zinalijua vizuri. Kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google kuhusu kuhodhi soko la utafutaji ilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji ndiyo itangulie ndani ya Safari, kivinjari kinachokuja na iPhone. Fedha zote hizo, kwa sababu watu hawagusi mipangilio!

Mimi naweka viwili. Opera Mini ni ya safarini, mtandao unapobaki herufi E, ule wa polepole. Ukurasa hupita kwanza kwenye seva (kompyuta) za kampuni ya Opera, hubanwa, ndipo hunifikia ukiwa mwepesi. Kwa sababu hiyohiyo siifungulii mambo ya benki. Chrome nayo ilikuwa na hali ya kuokoa data, lakini iliondolewa mwaka 2022, kwa hiyo usiitafute.

Cha pili ni Firefox, na hiki ndicho nilichomwekea shangazi. Kwenye Android kinapokea viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kazi, jambo ambalo Chrome ya Android haina. Nilimwekea uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo. Tukafungua tovuti ileile ya habari anayoipenda: yale matangazo yaliyokuwa yanaruka na kuziba maandishi hayakuonekana, habari ikabaki peke yake. MB ambazo zingeshusha matangazo zinabaki kwenye bando lake.

Wenye iPhone, kwenu uchaguzi ni finyu zaidi. Huku kwetu Chrome, Firefox na Safari za iPhone zote zinaendeshwa na injini moja ya kuonyesha kurasa, WebKit ya Apple, kwa hiyo ndani zinafanana. Umoja wa Ulaya uliilazimisha Apple kwa sheria, na tangu Machi 2024 watu wa huko wanaletewa orodha ya vivinjari wachague wenyewe. Natamani sana na sisi tuletewe.

Kubadilisha kwenye Android: Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, kisha Programu ya kivinjari. Majina hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Pakua kutoka Play Store tu, kamwe si kwa linki uliyotumiwa WhatsApp.

Na usikizime cha zamani kabla hujahamisha nywila zako. Ya barua pepe ya shangazi ilikuwa imehifadhiwa humo tu, na yeye mwenyewe alikuwa ameisahau zamani. Tuliinakili kwenye daftari lake la vikoba, ndipo tukakizima.