Kumkasimia Mhudumu Kazi za Wodini: Wajibu Unabaki kwa Nani?

SWALI: Mimi ni muuguzi msajiliwa, niko mwaka wa pili kazini katika kituo cha afya wilayani Mufindi. Zamu ya usiku huwa ya watu wawili tu, mimi na mhudumu wa afya asiye na leseni ya uuguzi, mama mtu mzima aliyeanza kazi hapo kabla sijaingia darasa la kwanza. Usiku mmoja, nikiwa leba na mzazi mwingine, nilimwomba anipimie presha ya mama aliyejifungua jioni. Alipima, akaandika 168/112 kwenye daftari, kisha akaendelea kubadilisha mashuka. Namba ile niliiona baada ya karibu saa mbili. Mgonjwa alipewa dawa, akapelekwa hospitali ya wilaya na akapona, lakini sisi wawili hatuelewani tena: yeye anasema alifanya alichotumwa, mimi naona alipaswa kuniita. Nani alikosea? Na nikizidiwa, je, naweza kumwachia achome sindano, maana anajua kuliko baadhi yetu?

JIBU: Kwa maelezo yako mwenyewe, mama huyo ana haki ya kulalamika. Ulimtuma kupima, naye akapima na kuandika kwa usahihi. Kujua kwamba 168/112 kwa mzazi ni dharura si kazi uliyomkabidhi, wala si kazi unayoweza kuikabidhi, kwa kuwa kuipima hali ya mgonjwa kwa akili na kuamua kinachofuata ni kazi ya mwenye leseni. Mhudumu anawajibika kwa namna alivyoifanya kazi aliyoikubali. Wewe unawajibika kwa uamuzi wa kumpa, kwa maelekezo uliyompa, na kwa kurudi kutazama.

Kilichokosekana usiku ule ni sentensi moja. Kifafa cha mimba, yaani degedege linaloambatana na presha ya juu, hakikomi mtoto akizaliwa. Kinaweza kumpata mama hata siku kadhaa baadaye, na presha ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110 hakuna nafasi ya kusubiri. Kwa hiyo ungeweza kumwambia: “Mama, naomba umpime mzazi wa kitanda cha tatu sasa hivi, kisha kila baada ya nusu saa. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, au akisema kichwa kinamuuma au haoni vizuri, au ukiona damu inamtoka kwa wingi, nigongee mlango wa leba papo hapo, hata kama mtoto ndiyo anatoka.” Halafu mwombe akurudilie alivyosikia. Najua kumwambia mtu wa rika la mama yako arudie maneno yako kunaonekana kama utovu wa adabu, na huenda ndiyo sababu ulifupisha. Lakini shikamoo uliyompa mwanzoni mwa zamu haipungui thamani kwa sababu umetaja namba. Ukianza na “nirudilie, mama, nisije nikawa nimekosea mimi,” sidhani kama atachukia.

Wauguzi wa Marekani hufundishwa kujiuliza mambo matano kabla ya kukasimu: kama kazi yenyewe inafaa kukasimiwa, kama hali ya mgonjwa inaruhusu, kama anayepewa ameifunzwa, kama maelekezo yanatosha, na kama utaweza kusimamia. La pili ndilo husahaulika. Kumwogesha mgonjwa ni kazi ya kawaida ya mhudumu, lakini kichanga cha saa tatu katika baridi ya Mufindi mwezi wa Julai ni habari nyingine kabisa: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 amekwisha kupata baridi. Maji ya uvuguvugu na nia njema havitoshi hapo.

Kuhusu sindano, hapana. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya Tanzania ya mwaka 2010 inaiweka kazi hiyo mikononi mwa watu waliosajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na wenye leseni, na mazoea ya miaka 20 hayageuki kuwa leseni. Vivyo hivyo dawa za kwenye dripu, na kumwongezea mgonjwa damu, ambako dakika 15 za mwanzo muuguzi mwenyewe hapaswi kuondoka kitandani. Kulisha, kumgeuza asiyejiweza kila saa mbili, kupima joto na kiasi cha mkojo, hayo mkabidhi bila wasiwasi iwapo umewahi kumwona akiyafanya vizuri. Naye akisema kazi fulani haiwezi, ipokee kauli hiyo bila kununa.

Kwa usiku ambao hata hayo hayatoshi, andika katika daftari la makabidhiano idadi ya wagonjwa, waliokuwa leba na kilichoshindikana, kisha umpelekee muuguzi mfawidhi. Malalamiko ya mdomo hayaongezi mtu kwenye zamu.

Na huyo mama, mfuate kabla ya zamu yenu ijayo, umwambie kwamba maelekezo yalikuwa pungufu na kwamba yalikuwa yako. Kisha, mnapopokea wodi, mwache aseme kwanza ni mgonjwa gani anamtia shaka, kwa kuwa ndiye anayewagusa wote usiku kucha.